Mafua ya ndege na hatari yake kwa binadamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila kuku wanapokufa kwa mkupuo mtaani, au redio inapotangaza kwamba nchi fulani imeteketeza mabanda mazima, maswali yaleyale hurudi. Majibu yaliyo hapa yamekusudiwa zaidi mfugaji wa kuku kumi au ishirini nyuma ya nyumba, muuzaji wa sokoni, na yeyote anayechinja na kunyonyoa kuku kwa mikono yake mwenyewe, kuliko mwenye banda la kuku elfu kumi ambaye kwa kawaida ana daktari wake wa mifugo.

Mafua ya ndege ni nini hasa?

Ni ugonjwa unaosababishwa na virusi vya mafua ya aina A ambavyo makazi yake ya asili ni ndege wa majini, hasa mabata mwitu, shakwe na jamaa zao. Virusi vingi vya kundi hili hukaa kwenye utumbo wa bata mwitu bila kumdhuru, vikatoka pamoja na kinyesi chake na kuingia kwenye maji, ambako ndege mwingine hufika kunywa na kuvipata. Tatizo huanza virusi hivyo vinapoingia kwa kuku, bata mzinga au kanga, ambao miili yao haijavizoea.

Majina kama H5N1 au H7N9 yanatokana na protini mbili zilizoko juu ya kirusi. Ile ya H hukiwezesha kunasa kwenye seli, na ile ya N huvikata virusi vipya ili viachane na seli vilimozalishwa na kwenda kutafuta nyingine. Kwa ndege zinafahamika aina 16 za H na 9 za N.

Wataalamu wa mifugo huvigawa virusi hivi kuwa vikali na hafifu, na hapa msomaji anapaswa kuwa mwangalifu, kwa sababu ukali huo hupimwa kwa kuku, si kwa binadamu. Kirusi cha H7N9 kilichozuka China mwaka 2013 kilikuwa hafifu kwa kuku kiasi kwamba kilipita mabandani na sokoni bila ndege kusinzia, ilhali kati ya watu zaidi ya 1,500 waliothibitishwa kukipata katika miaka iliyofuata, zaidi ya 600 walifariki.

Je, huu ndio ugonjwa tunaouita mafua ya kuku?

Hapana, na kuchanganya majina haya mawili kumewapotosha wengi. Mafua ya kuku ambayo wafugaji wameyazoea, yale ya uso kuvimba, macho kufunga na kamasi zenye harufu mbaya kutoka puani, husababishwa na bakteria, hutibika kwa antibiotiki, na hayamwambukizi binadamu. Mafua ya ndege ni ya kirusi, hayana antibiotiki inayoyaponya, na huweza kumwingia mtu.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye mdondo, ambao wengine huuita kideri. Huo nao ni ugonjwa wa kirusi, ingawa ni kirusi cha ukoo mwingine kabisa, na kwa macho matupu hakuna anayeweza kuutofautisha kwa uhakika na mafua makali ya ndege. Katika yote mawili utamkuta kuku amejikunyata huku manyoya yamesimama, anaharisha kinyesi cha kijani, anahema kwa shida, na kesho yake nusu ya kundi limelala chini. Katika mafua makali ya ndege huonekana mara nyingi upanga na ndevu za kuku zikivimba na kugeuka rangi ya zambarau au bluu, miguu ikiwa na madoa mekundu ya damu iliyovia chini ya ngozi, na wakati mwingine kuku hufa ghafla wakiwa hawajaonyesha dalili yoyote. Hata hivyo, uamuzi wa mwisho ni wa maabara.

Kwa kuwa mdondo hupita karibu kila mwaka, hasa wakati wa kiangazi na upepo, watu wameuzoea kama walivyozoea vumbi la msimu huo: kuku hufa, waliobaki hutagishwa upya, na maisha yanaendelea. Mazoea hayo ndiyo yanayonitia wasiwasi, kwa sababu siku mafua ya ndege yatakapofika kijijini, kwa siku kadhaa za mwanzo yataitwa mdondo. Chanjo ya mdondo, ile ya tone moja la jicho, ni nzuri na kila mfugaji anapaswa kuitumia, lakini haizuii mafua ya ndege. Ina faida nyingine isiyosemwa sana: kundi lililochanjwa ipasavyo likianza kufa kwa wingi, utajua mapema kwamba huenda si mdondo.

Kirusi cha H5N1 kilianzia wapi?

Ukoo wa H5N1 unaosumbua dunia leo ulitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1996 kwa bata bukini katika jimbo la Guangdong, kusini mwa China. Mwaka uliofuata ulizuka Hong Kong, watu 18 wakaugua na 6 kati yao wakafariki. Mwishoni mwa Desemba 1997 serikali ya huko ikaamua kuua kuku wote wa eneo hilo, zaidi ya milioni moja, kwa siku chache tu. Baada ya hapo ulififia, ukarudi kwa nguvu mwaka 2003 katika nchi za Asia ya Mashariki na Kusini-Mashariki.

Mwaka 2005 maelfu ya ndege wa porini walikufa kwenye Ziwa Qinghai, China, na kutoka hapo kirusi kikafuata njia za ndege wanaohama na njia za wafanyabiashara wa kuku hadi Ulaya na Mashariki ya Kati. Afrika kilithibitishwa mara ya kwanza Februari 2006, katika shamba la kuku jimboni Kaduna, Nigeria, na baadaye Misri, Niger, Kameruni, Burkina Faso, Ivory Coast, Sudan na Djibouti. Tangu 2020 tawi jipya la ukoo huohuo limesambaa karibu dunia nzima, likaua hata simba wa baharini kwenye pwani za Peru na Chile.

Ugonjwa huu umewahi kufika Afrika Mashariki?

Ndiyo, kwa upande wa ndege. Mwanzoni mwa Januari 2017 wavuvi na wakazi wa mwambao wa Ziwa Victoria karibu na Entebbe, Uganda, walianza kuwaona ndege wa majini wanaohama wakiwa wamekufa kwenye ghuba ya Lutembe. Vipimo vilionyesha mafua makali ya ndege, ambayo baadaye yalitambuliwa kuwa ya H5N8, na yakapatikana pia kwa kuku na bata wa kufugwa katika wilaya ya Masaka. Nchi jirani, Kenya ikiwemo, zilizuia mara moja kuku na mayai kutoka Uganda. Mwaka huohuo kirusi hicho kilifika pia mashariki mwa Kongo, upande wa Ziwa Albert.

Zaidi ya hapo, kirusi hafifu cha H9N2 kimepatikana katika masoko ya kuku hai nchini Kenya na Uganda. Hicho hakiangushi kundi zima, ndiyo maana hakizungumzwi sana, lakini kinatuonyesha kwamba matenga ya kuku yanayoshuka kutoka kwenye basi la usiku husafirisha mambo mengine pamoja na kuku.

Ukanda wetu uko kwenye mapito ya ndege wanaotoka Ulaya na Asia kila mwaka kukimbia baridi. Wengi hushukia maziwa ya Bonde la Ufa, Ziwa Victoria na delta ya Rufiji, na hukaa kati ya Septemba na Aprili. Ni majira ya kuwa macho zaidi.

Kwa upande wa binadamu, katika hesabu ya wagonjwa wa H5N1 ya Shirika la Afya Duniani iliyoishia Desemba 2024, hakuna mgonjwa kutoka Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi wala Kongo. Aliye karibu nasi zaidi katika orodha hiyo ni mtoto mmoja wa Djibouti mwaka 2006. Misri ndiyo iliyoumia kuliko nchi zote za Afrika, kwa wagonjwa zaidi ya 350 na vifo 120.

Mtu huupata vipi?

Huupata kwa kumgusa au kumkaribia sana ndege mgonjwa au aliyekufa, au kwa kushika kinyesi, kamasi, damu na manyoya yake, kisha kujigusa macho, pua au mdomo. Na pia kwa kuvuta hewani vumbi la banda au matone yanayoruka wakati ndege anapochinjwa na kunyonyolewa. Kupita karibu na kuku barabarani hakutoshi, wala kula nyama iliyoiva.

Ili hatari ionekane ilipo, tuangalie jambo linalofanyika katika nyumba nyingi. Asubuhi kuku mmoja ameonekana anasinzia, mabawa yamelegea. Mwenye nyumba anajua kwamba akichelewa atafia mikononi, na kuku aliyekufa mwenyewe ni kibudu, hafai kuliwa. Basi anamwahi kwa kisu. Kuku anapiga mabawa, damu inaruka kwenye kanga na mikononi. Anatumbukizwa kwenye sufuria ya maji ya moto, mvuke unapanda usoni pa anayenyonyoa, manyoya yaliyolowa yanaganda kwenye vidole, na mtoto aliyeitwa kushika miguu ya kuku anafuta jasho la paji la uso kwa mkono uleule. Utumbo unatolewa kwa vidole, unaoshwa, na maji yanamwagwa uani ambako kuku waliobaki wanakuja kudonoa. Katika nusu saa hiyo zimo karibu njia zote za maambukizi zinazojulikana, na zote zimekwisha kabla sufuria ya mchuzi haijabandikwa jikoni.

Kisu humhalalisha kuku, lakini hakiui kirusi. Nalisema hili kwa heshima, kwa sababu anayechinja kuku mgonjwa hafanyi hivyo kwa ujinga; anaokoa kitoweo na fedha. Ila ushahidi wa nchi nyingine uko wazi. Nchini Uturuki, Januari 2006, watoto wa familia zilizochinja kuku wagonjwa ndani ya nyumba wakati wa baridi waliugua na baadhi yao wakafariki. Nchini Azerbaijan mwaka huohuo, katika wilaya ya Salyan, wasichana na wanawake waliugua baada ya kile kinachoaminika kuwa ni kunyonyoa manyoya ya mabata maji ya porini yaliyokufa. Huko Misri wanawake, ambao ndio wanaofuga na kuchinja nyumbani, walikuwa wengi miongoni mwa watu wazima walioambukizwa.

Kama kirusi ni kikali hivyo, mbona watu wachache huambukizwa?

Kwa sababu kirusi cha ndege na koo la binadamu havijapatana bado. Kila kirusi cha mafua hunasa kwenye sukari maalumu iliyoko juu ya seli. Sukari inayopendwa na virusi vya ndege imejaa kwenye utumbo na njia ya hewa ya ndege, lakini kwa mtu ni adimu puani na kooni. Inapatikana zaidi ndani kabisa ya mapafu, na kwenye utando wa macho. Kwa hiyo kirusi huhitaji kuvutwa kwa wingi hadi chini ndipo kipate mahali pa kushika, na kikishafika huko hushambulia mapafu yenyewe. Hali hiyo hueleza mambo mawili kwa pamoja: ugumu wa kuambukizwa, na ukali wa ugonjwa kwa aliyeambukizwa. Hueleza pia kwa nini wafanyakazi wengi walioambukizwa Marekani mwaka 2024 walikuwa na macho mekundu tu.

Je, mtu humwambukiza mtu mwingine?

Imewahi kutokea, ila kwa nadra, na mnyororo haukufika mbali. Mfano unaotajwa zaidi ni wa Thailand mwaka 2004, ambapo mama aliyekuwa akiishi mbali na kijiji, asiyekuwa na kuku, alikwenda hospitali kumuuguza binti yake, naye akaugua na kufariki. Mwaka 2006 watu kadhaa wa ukoo mmoja huko Karo, Sumatra Kaskazini, waliambukizwa na wengi wao wakafa. Katika matukio yote mawili ugonjwa uliwapata waliouguza au kulala chumba kimoja na mgonjwa, na haukuenea mtaani.

Hofu ya wanasayansi ni ya kesho. Virusi vya mafua hukosea mara nyingi vinapojinakili, na makosa hayo hujilimbikiza. Isitoshe, virusi viwili tofauti vikikutana ndani ya mwili mmoja vinaweza kubadilishana vipande vya vinasaba na kuzaa kirusi cha tatu. Nguruwe hutajwa sana hapa kwa kuwa seli zake hupokea virusi vya ndege na vya binadamu. Magonjwa ya mafua yaliyoenea duniani mwaka 1957 na 1968 yalitokana na virusi vilivyopata vipande kutoka kwa virusi vya ndege kwa njia hiyo. Hili ndilo linalofanya kila mgonjwa mmoja wa mafua ya ndege, hata aliyepona haraka, afuatiliwe kama jambo kubwa.

Inasemwa nusu ya wanaougua hufa. Ni kweli?

Ni kweli kwa waliohesabiwa. Tangu mwaka 2003 hadi Desemba 2024 nchi 24 ziliripoti wagonjwa 954 wa H5N1 na vifo 464. Lakini wanaohesabiwa mara nyingi ni wale waliofikia hali ya kulazwa na kupimwa. Aliyeugua kidogo akanywa panadoli akapona hayumo. Upande wa pili, Marekani iliwapima wafanyakazi wa mashamba ya ng'ombe na kuku kwa bidii mwaka 2024, ikakuta watu wapatao 70, wengi wakiwa na ugonjwa mwepesi, na kifo cha kwanza nchini humo kikatangazwa Januari 2025 katika jimbo la Louisiana. Aina za kirusi nazo zinatofautiana: ile iliyokuwa ikiua watu Kambodia katika miaka hiyohiyo ni tawi jingine la H5N1. Mtu anayekutajia asilimia moja tu ya vifo bila kusema ni ya wapi na ya lini amekupunguzia habari.

Dalili zake kwa mtu ni zipi?

Kwa kawaida huanza siku mbili hadi tano baada ya kuambukizwa, ingawa huweza kuchelewa zaidi: homa kali, kikohozi, koo kuwasha, maumivu ya misuli na uchovu mwingi, na kwa wengine macho mekundu au kuharisha. Katika ugonjwa mkali mgonjwa hushindwa kupumua vizuri ndani ya siku chache na kupata nimonia.

Dalili hizi hazina alama yake ya pekee. Kwetu sisi homa ya namna hiyo kwanza huitwa malaria, kisha taifodi, kisha nimonia ya kawaida. Kinachoweza kumsaidia daktari ni sentensi moja ambayo mgonjwa husahau kuisema: kwamba wiki iliyopita kuku walikufa nyumbani, au kwamba alishiriki kuwachinja. Isemwe hata kama hujaulizwa.

Kuna dawa? Kuna chanjo?

Dawa za kupambana na virusi vya mafua, hasa oseltamivir, husaidia, na hufanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya saa 48 tangu dalili zijitokeze. Hata hivyo madaktari huzitoa pia baada ya muda huo kwa mgonjwa aliyezidiwa. Antibiotiki haziui kirusi, na zitatolewa tu iwapo bakteria wameongezeka juu yake. Tangawizi, limau na kujifukiza hupunguza adha ya mafua ya kawaida, ila visimcheleweshe mtu aliyeugua baada ya kushika kuku wagonjwa.

Chanjo za watu dhidi ya virusi vya H5 zipo katika akiba za baadhi ya nchi, na Finland ilianza mwaka 2024 kuwapa wafanyakazi wanaokutana na wanyama walio hatarini. Kwa mwananchi wa kawaida wa huku hazipatikani. Chanjo ya mafua ya msimu haikingi mafua ya ndege, lakini humpunguzia mchinjaji au mfugaji uwezekano wa kuwa na virusi viwili kwa wakati mmoja.

Ni salama kula kuku na mayai?

Ndiyo, vikiiva. Kirusi hufa nyama inapofikia joto la nyuzi 70 katika kila sehemu yake, na mapishi yetu ya kuchemsha, kukaanga na kuoka huvuka kiwango hicho kwa mbali, mradi nyama ya karibu na mfupa isiwe na wekundu na yai liwe gumu, kiini na ute. Mwaka 2005 na 2006, hofu ilipotanda, biashara ya kuku nchini Kenya iliporomoka wakati hakuna kuku hata mmoja aliyekuwa ameambukizwa nchini humo. Waliokuwa wameacha kula kuku walikuwa wanaogopa sahani, na mahali pa kuogopa palikuwa uani.

Pamoja na hayo, ubao uliokatiwa kuku usikatie kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni, na kisu vilevile. Yai bichi, wanalolinywa waimbaji kwa ajili ya sauti na vijana wa mazoezi kwa ajili ya nguvu, si salama, na sababu zake ni zaidi ya mafua ya ndege. Nchini Vietnam, damu mbichi ya bata inayoliwa kama kitoweo imewahi kuhusishwa na wagonjwa. Na kuku aliyekuwa mgonjwa asiliwe kabisa, si kwa sababu moto hautoshi, bali kwa sababu ya zile hatua zote zinazotangulia moto.

Na maziwa?

Machi 2024 kirusi cha H5N1 kiligunduliwa kwa ng'ombe wa maziwa katika majimbo ya Texas na Kansas nchini Marekani, jambo ambalo wengi hawakulitarajia, na kikakutwa kwa wingi ndani ya maziwa mabichi. Kuchemsha hukiua. Anayechemsha maziwa yake mpaka yapande, kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi hapa, hana la kubadilisha.

Kuku wangu kadhaa wamekufa ghafla. Nifanye nini?

Usiwaguse kwa mikono mitupu, usiwauze waliobaki, na usiwahamishie kwa ndugu ili "wapone". Hili la mwisho hufanyika kwa nia njema na ndilo linalobeba ugonjwa kutoka kata moja hadi nyingine. Wafungie waliobaki, watoto wasikaribie, na mpigie simu afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo wa serikali kabla ya kuzika, kwa kuwa maabara inahitaji sampuli. Kwa Tanzania, suala la mtu aliyeugua linaweza kuulizwa kwa namba 199 ya Wizara ya Afya, bila malipo.

Iwapo hakuna anayekuja na mizoga inaanza kunuka, funika pua na mdomo kwa barakoa, vaa glavu au mifuko ya nailoni mikononi, na viatu vya kufunika mguu. Chimba shimo la kina ambacho mbwa hawezi kukifukua, mbali na kisima, weka mizoga pamoja na maranda na mayai, mwagia chokaa ukiipata, kisha fukia. Mizoga isitupwe mtoni wala jalalani. Nyunyizia banda maji kabla ya kufagia ili vumbi lisipande, kisha osha kwa maji ya sabuni na kumalizia kwa jiki. Kirusi hiki kimevikwa utando wa mafuta, na sabuni ya kawaida huuvunja. Kikiachwa kwenye kinyesi huweza kuishi siku kadhaa katika joto na wiki kadhaa penye baridi, kwa hiyo usiingize vifaranga wapya wiki inayofuata.

Kwa nini serikali huua hata kuku wazima?

Kwa sababu kuku anayeonekana mzima katika banda lililoingiliwa huwa tayari anatoa virusi, na bata anaweza kuvitoa kwa siku nyingi bila kuugua. Ni hatua kali yenye mantiki, lakini inategemea jambo moja ambalo mipango mingi huliandika mwishoni: fidia, tena ya haraka. Mjane anayelipia madaftari ya watoto kwa mayai ya kuku kumi na wawili akiambiwa kwamba kuripoti ni kuwapoteza wote bila kitu, atanyamaza, na sioni ni nani mwenye haki ya kumlaumu. Baadhi ya nchi, zikiwemo China na Misri, zimechagua kuchanja kuku pia, na Ufaransa ilianza kuwachanja mabata Oktoba 2023. Chanjo hupunguza vifo, ila huhitaji upimaji wa kudumu, la sivyo kirusi hujificha chini yake.

Tuwafukuze au kuwaua kunguru na ndege wa porini?

Hapana. Kuwatawanya ndege huwapeleka mahali pengine wakiwa na walichonacho. Inatosha kufunika chakula na maji ya kuku ili wasivichangie, na kutofuga bata na kuku katika banda moja. Ukikuta ndege wengi wamekufa ufukweni au kando ya ziwa, toa taarifa na uwaache walipo.

Paka na mbwa je?

Paka hupata ugonjwa huu na hufa, kama ilivyotokea Poland mwaka 2023 na katika mashamba ya maziwa ya Marekani. Usimtupie paka kichwa au utumbo wa kuku mgonjwa. Mbwa hawaathiriki sana, lakini usiwape pia.

Jana nilimchinja kuku aliyekuwa anasinzia, na leo wengine wawili wamekufa. Je, nimeshaambukizwa?

Uwezekano mkubwa ni kwamba hujaambukizwa. Kuku wengi wanaokufa hivyo huku kwetu hufa kwa mdondo. Oga kwa sabuni, fua nguo ulizovaa kwa maji ya moto, osha kisu, ubao na ndoo, na mwaga maji yake chooni badala ya uani. Mpe taarifa afisa mifugo leo, si Jumatatu. Jipime joto asubuhi na jioni kwa muda usiopungua siku 10, na uwaangalie vivyo hivyo waliokusaidia, hasa yule mtoto aliyeshika miguu. Ikitokea homa, kikohozi au macho mekundu, vaa barakoa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, na ukifika mapokezi anza na habari ya kuku kabla ya kueleza homa.